Southend kwa Treni

Wasomaji waliozoea kutembea nasi katika ukurasa huu, kutoka magofu ya Gedi hadi vichochoro vya Siyu, huenda wakastaajabu kutukuta safari hii tumefungwa kwenye viti vya chuma, tumelala chali, nyayo zimeelekea mawingu ya Uingereza. Nasi tulistaajabu. Hatukwenda huko kwa ajili ya michezo.

Tulikwenda kumzuru ndugu yetu. Sisi ni dada watatu wa tumbo moja. Mkubwa na mdogo tumebakia Mombasa. Wa kati aliolewa, akahamia London, na huu ni mwaka wake wa 16 huko. Ana binti mmoja wa miaka 14. Simu zake za miezi ya karibuni zilikuwa ni za kilio: mtoto hazungumzi naye, chakula anakilia chumbani, akisemeshwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na shuleni ameanza kukosa vipindi. Shauri alilolikata ni lile ambalo nyumba nyingi za Pwani zenye watu ng'ambo zinalijua: mtoto arudishwe nyumbani, akae nasi, asome hapa, jamaa wamlee. "Samaki mkunje angali mbichi," alituambia. Tiketi ilikwisha kukatwa. Mtoto aliambiwa kuwa anakuja likizo ya wiki tatu, nasi tuliombwa tusifungue kinywa mpaka tuwe tumekwisha kufika naye Mombasa. Tukakubali. Hilo la kukubali tunaliandika kwa sababu bila ya kulitaja mengine hayataeleweka. Na kabla ya kuyaandika haya tumewaomba ruhusa mama na binti, wote wawili.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, siku tano kabla ya kurudi. Dada alisema twende Southend-on-Sea, mji wa bahari ulio karibu na watu wa mashariki ya London, tukapunge upepo. Treni yatokea stesheni ya Fenchurch Street. Sisi tuliipandia Barking. Kwa muda mrefu hapana cha kutazama isipokuwa migongo ya nyumba na kamba za nguo. Kisha, baada ya Benfleet, nchi inafunguka ghafula. Upande wa kushoto, juu ya kilima, yamesimama magofu ya ngome ya Hadleigh, minara miwili iliyomegeka, na upande wa kulia ni mabwawa ya chumvi, majani ya rangi ya kutu, na vijito vinavyojipinda matopeni. Ungelitia mikoko hapo ungelisema umefika Mtwapa. Stesheni ya Chalkwell imejengwa ukingoni kabisa mwa bahari, hata mtu akiwa kitini aweza kuhesabu mashua zilizolala ubavu.

Mashua zililala ubavu kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Mtu wa Lamu au wa Vanga hahitaji kuelezwa maji kupwa, lakini kupwa kwa Southend kunamfanya hata mvuvi anyamaze. Hapa ni mlango wa mto Thames, na sakafu ya bahari ni karibu sawa kama meza. Maji yakiondoka yanakwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, yanaacha matope ya kijivu yanayong'aa, ndege wakidonoa na watu wachache wenye viatu vya mpira wakitafuta chambo. Ndiyo sababu ya gati lao. Zamani watu waliotoka London kwa meli hawakuweza kushuka maji yakiwa yamekupwa, hivyo mwaka 1830 wenyeji wakajenga gati la mbao, wakalirefusha, na mwaka 1889 likafunguliwa hili la chuma. Urefu wake ni mita 2,158, na hakuna gati jingine la starehe duniani lililolipita. Lina treni yake lenyewe, ya kuwapeleka waliochoka. Tulisimama juu ya mteremko, katika bustani zinazotazama bahari, tukaliona likienda, likienda, mpaka likawa uzi.

Na chini yetu, pande zote mbili za mwanzo wa gati hilo, palikuwa na vyuma vya rangi vilivyosokotana, na makelele.

Uwanja huo wa michezo unaitwa Adventure Island. Ni mdogo, umebanwa kati ya barabara na matope, wala siku tuliyokwenda kuingia hakukulipiwa. Mtu hulipia chombo anachokipanda. Hilo lilitupendeza, kwa sababu bibi mwenye wajukuu wanne aweza kuketi ndani na chupa yake ya chai bila ya kuulizwa tiketi, na tuliwaona mabibi wa namna hiyo, wa Kibengali, wa Kisomali na wa Kiingereza, wameketi kwenye mabenchi kama tunavyoketi sisi Mama Ngina jioni. Kwa kuwa pahali ni padogo, kila chombo kimepita juu ya kingine. Reli zinavuka juu ya vichwa vya watu wanaokula aiskrimu. Tulikumbuka Makadara siku za Idi: harufu ya viazi karai, watoto na nguo mpya, pembea zilizosukumwa kwa nguvu za mikono, na yule mzee tuliyemjua sote, aliyekuwa akilia "Shikeni! Shikeni!" kabla hajaiachia. Mama yetu alikuwa akisimama chini na viatu vyetu mkononi. Hakupanda hata mara moja.

Binti, aliyekuwa na vidude vya muziki masikioni tangu Barking, alivivua.

"Mama mkubwa," alisema, akionyesha kwa kidevu, "kile."

Alikuwa akionyesha mnara. Si mnara wa jengo; ni reli mbili za chuma zilizosimama wima kutoka ardhini kama mnazi, zikafika karibu mita 22, zikajikunja, zikaanguka upande wa pili. Jina lake ni Rage, nayo ni rolakosta: gari dogo la reli linalovutwa juu kisha likaachiwa. Ilifunguliwa mwaka 2007. Dada yetu alicheka, akasema, "Hao mama zako ni watu wazima, waache." Na pengine ingeishia hapo, lau binti hangefungua mkoba wake. Alitoa mitandio mitatu ya michezo, ile inayovaliwa kama kofia, isiyohitaji pini, iliyobana shingoni. Mmoja mweusi, mmoja wa buluu, mmoja wa kijivu. Alikuwa ameinunua kwa pesa zake. Siku mbili nzima alikuwa ameifikiria safari hii, na sisi tulidhani hatazami chochote ila simu.

Tulivaa chooni, tukakunja buibui zetu tukampa dada azishike, pamoja na miwani, vikuku, viatu vya wazi na mikoba. Chini ya buibui tulikuwa na magauni marefu na suruali, kwa baridi ya huko. Tunaloweza kuwaambia kina mama wenzetu ni hili: penye vyombo vya kwenda kasi, ushungi unaoning'inia na pini ni hatari kwa mwenyewe na kwa aliyeketi nyuma, na msimamizi ana haki ya kumkatalia mtu. Mtandio wa kubana unamaliza mjadala. Ubao wa maonyo nao usomwe wote. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa moyo au presha, mwenye maumivu ya mgongo au shingo, abaki chini ashike mikoba, na hapana aibu. Tuliusoma mara mbili, kwa matumaini kidogo ya kujikuta mmo. Hatumo.

Foleni ilikuwa ya nusu saa na zaidi, na foleni ni pahali pa kusoma chombo. Kila dakika chache gari lilipita juu yetu na watu wanane, wanne mbele na wanne nyuma, nywele zao zikining'inia kuelekea kwetu. Tulimwuliza binti kwa nini wasianguke, na hapo tukagundua jambo: mtoto asiyeongea alikuwa na maneno tele, ila yalikuwa ya mambo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyemwuliza. Kiswahili chake kilikwama hapa na pale, akaruka kwenye Kiingereza, akarudi. Akatuonyesha magurudumu. Gari, alisema, halikukaa tu juu ya reli. Lina magurudumu ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayolizuia lisiyumbe, na ya chini yanayoikumbatia reli kwa upande wa tumboni, hata likipinduka haliwezi kuiacha. Hayo ya chini yalipewa hataza na Mmarekani John Miller mwaka 1919, na tangu hapo waundaji wakapata ujasiri wa kuwarusha watu watakavyo.

Kitanzi nacho kina hadithi yake. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, palikuwa na chombo kilichoitwa Flip Flap, chenye kitanzi cha duara kamili. Duara kamili ni zuri kwa bangili. Gari likiingia humo, mkandamizo unampiga mtu kwa ghafula, na abiria walishuka wakishika shingo. Ilichukua takriban miaka 80 jambo hilo kutengenezwa vyema: Wajerumani wawili, mhandisi Werner Stengel na muundaji Anton Schwarzkopf, walikipa kitanzi umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu, ili uzito umjie mtu kwa kuzidi kidogo kidogo, rolakosta yao ya California, ya mwaka 1976, ndiyo iliyofungua njia. Hii ya Southend imeundwa na kampuni ya Gerstlauer, ya Ujerumani pia, ambayo mwanzilishi wake aliwahi kufanya kazi kwa huyo Schwarzkopf. Hivyo ufundi huu nao una silsila yake, mwalimu na mwanafunzi, kama ujenzi wa majahazi.

"Na kwa nini inapanda wima?" tukauliza. "Mbona nyingine zina mteremko?"

"Hakuna nafasi," akasema. Na ni kweli. Mteremko wa kawaida wataka uwanja mrefu. Penye kiwanja kidogo kama hiki, kati ya barabara na bahari, fundi huisimamisha reli, na akisha kufika juu huiangusha kwa kuipinda ndani. Reli ya Rage inaanguka kwa nyuzi 97, nasi tunajua kuwa nyuzi 90 ndizo wima kama ukuta. Maana yake ni kwamba gari linapoanguka linajikunja kuelekea kule lilikotoka, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Hayo ndiyo yanayozifanya rolakosta ndogo za chuma kuwa kali kuliko nyingi zilizo kubwa. Kona zake ni za karibu karibu, gari ni fupi, na mwili hauna muda wa kujiandaa baina ya tikiso moja na jingine.

Tulikuwa tumebakiza watu ishirini hivi mbele yetu alipouliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, bila ya kututazama:

"Ile tiketi yangu ya Mombasa ina siku ya kurudi?"

Tuliangaliana. Mdogo akasema kitu kuhusu upepo. Mkubwa akasema, "Tutazungumza tukishuka, mwanangu." Hakuuliza tena. Alitazama reli. Tunakiri, wasomaji wetu, kwamba katika maisha yetu tumefundisha watoto wa watu wasiseme uongo, darasani na madrasani, na pale tulikuwa wawili, wazima, na hatukuweza kutoa neno moja.

Tukaketi safu ya mbele, binti katikati, na kijana mmoja mgeni pembeni kabisa. Kizuizi kilichovikwa mpira kilishuka, kikatubana. Msimamizi akapita, akakivuta kimoja kimoja kwa mkono wake, akarudi akavivuta tena. Tulimpenda mtu yule. Gari likajongea mbele, likakutana na mnara, likaanza kuinama kwa nyuma mpaka tukawa tumelala chali.

Hapo ndipo pahali pa pekee katika safari yote penye utulivu. Mnyororo unakuvuta, huoni reli, huoni bahari, huoni mtu, ni mbingu tu, nyeupe, na nyayo zako. Mambo mengi yanapita kichwani. Tulifikiria kwamba dada yetu yuko chini anatutazama na viatu vyetu mkononi. Mkono wa binti ulikuja upande mmoja, kisha wa pili upande mwingine.

Kisha gari likalala sawa juu ya kilele kwa muda wa pumzi moja, tukaiona bahari, au tuseme tukayaona matope, gati lote mpaka ncha yake, na ng'ambo pwani ya Kent kama mstari wa penseli. Na reli mbele yetu haikuwapo. Ilikuwa imepinda chini ya kiti.

Kuanguka hakuna maelezo marefu. Tumbo linabaki juu, wewe unakwenda. Mwendo wake ni kama kilomita 70 kwa saa, mwendo wa matatu ya kawaida ya Malindi, lakini matatu haikupeleki ardhini kwa kichwa. Kilichofuata hatuwezi kukipanga kwa mfuatano. Mara tatu dunia ilipinduka. Kwenye kitanzi tulikuwa wazito, mashavu yakivutwa, kidevu hakiinuki. Juu yake, kwa kitambo kidogo, tulikuwa wepesi kama unyoya. Kwenye kona gari lilitikisika, masikio yakagonga mpira wa kiti, kulia, kushoto, kulia, na mgongo ukahesabu kila kiungo cha reli. Kimoja kilimfanya mkubwa auume ulimi. Mdogo alikuwa akitamka shahada, mfululizo, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki. Mkubwa alikuwa akimwita mama yetu, ambaye ni marehemu mwaka wa tisa sasa. Kisha breki zikashika, gari likasimama kwa ghafula, na vyote vikanyamaza. Tangu kileleni haikufika dakika moja.

Kulikuwa na sauti ya ajabu baina yetu. Ilikuwa binti anacheka. Tulikuwa tumekaa naye wiki mbili nyumba moja na hatukuijua sauti hiyo.

Miguu ilikuwa ya mtu mwingine tulipoteremka. Tuliketi kwenye benchi la kwanza tuliloliona, kabla hatujamfikia dada, tukashika magoti yasitikisike.

"Mlikuwa mkimwita nani?" binti aliuliza.

"Mama yetu. Bibi yako."

Akafikiri. "Mimi pia nilimwita mama," akasema, akatazama kule alikosimama mama yake, nje ya ua, na buibui mbili begani na mikoba mitano mikononi, akitutafuta katika kundi la watu.

Mkubwa ndiye aliyesema. "Ile tiketi haina siku ya kurudi."

"Najua," alisema. "Niliiona kwenye simu yake. Nilitaka kujua nani ataniambia."

Kisha akatueleza mambo ya shule, kwa nini vipindi vile na si vingine, na kwa nini anakula chumbani. Hayo ni yake na hatutayaandika. Tutasema tu kwamba hayakuwa yale tuliyoyadhania, wala yale aliyoyadhania mama yake, na kwamba Mombasa isingeyatibu. Pengine Mombasa ataipenda. Alituambia anataka kuja. Anataka kuijua nyumba ya bibi yake, na aende Makadara siku ya Idi aone hizo pembea. Alichokikataa ni kupelekwa kama mzigo.

Tulipomfikia dada tulimwambia pale pale kwamba tumevunja ahadi. Hatukuona njia ya kuliremba. Uso wake ulibadilika. "Niliwaamini nyinyi," alisema, kwa sauti ndogo, mbele ya mtoto, na hilo lilitugonga kuliko kiungo chochote cha reli ile. Akatukabidhi mikoba, akaingia langoni pa gati, akaondoka kwa miguu juu ya yale mabao, peke yake, kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Binti alimtazama mpaka akafika mbali. Kisha naye akaenda. Hakukimbia, alimfuata kwa nyuma, hatua hamsini hivi.

Sisi tulipanda bustani za mteremko, tukatafuta pahali pakavu kwenye majani, tukatandika, tukasali. Tukanunua samaki na chipsi, baada ya kuuliza kwanza mafuta yao ni ya mboga au ya mnyama, swali ambalo msomaji akienda huko asisahau, kwani baadhi ya maduka ya Uingereza hukaangia mafuta ya ng'ombe. Ilikuwa ni ya mboga. Samaki alikuwa mkubwa kama sinia, amenyooka kama ubao ndani ya ganda lake la unga, na mdogo wetu akasema huyu hakunjwi tena, tukacheka, tukajionea aibu kwa kucheka. Hakuna aliyekuwa na njaa.

Maji yalianza kurudi. Hayakuja kwa mawimbi. Yaliingia vijitoni kwanza, kimya kimya, ukitazama kando ukirudisha macho mashua moja imesimama, kisha nyingine. Ndege wakasogea, wakasogea tena, wakaruka. Kwa kiasi cha saa mbili ile jangwa ya kijivu ikawa bahari, ya rangi ya chai ya maziwa, ni kweli, lakini bahari, na vyuma vya uwanja vikawaka taa. Rage iliendelea kupanda na kuanguka, na kila ilipofika kilele makelele yalikatika kwa pumzi ile moja, kisha yakaanza. Tulijikuta nasi tukiishika pumzi.

Walirudi kwa treni ya gati. Tuliwaona wakishuka pamoja, mama amevaa ule mtandio wa kijivu juu ya ushungi wake, kwa baridi. Macho yao yote mawili mawili yalikuwa mekundu. Hatukuuliza. Dada akachukua pakiti ya chipsi, zilizokuwa zimekwisha kupoa, akala akiwa amesimama, akampa mwanawe, wakaila pakiti yote bila ya kutukaribisha.

Katika treni ya kurudi binti alilala kabla ya Benfleet, kichwa kimemwangukia mama yake begani. Sikio lake moja lilikuwa jekundu, kama letu. Hadleigh ilipita gizani, hatukuiona. Dada alitazama dirishani kwa muda mrefu, na kioo hakikuwa na kitu ila sura zetu.

"Ile tiketi," alisema mwishowe, bila ya kugeuka, "yabadilishika?"

"Yabadilishika," mdogo alijibu. "Wanatoza."

"Wanatoza kiasi gani?"

Mkubwa alikwisha kutoa simu mkobani.